Upindo wa Kikwembe cha Mama

Kila mjukuu wangu anapopakwa pomade, ile dawa ya macho, ile harufu ya mafuta inanirudisha milimani, juu ya kijiji chetu cha Makobola.

Uhuru ulikuwa umekuja, uasi ukafuata. Askari walishika barabara ya Fizi, waasi wakashika njia za juu, na sisi katikati, tumejibana ndani ya vibanda vya majani ya migomba. Ziwa tulikuwa tunaliona pale chini, maji mpaka Burundi, lakini aliyeshuka kuteka hakurudi. Tuliishi kwa kijichemchemi kinachodondoka kama mate ya mgonjwa. Ya kunywa tu. Nani angenawa uso?

Inzi ndio waliotunawisha. Asubuhi niliamka macho yamegandana, nalia, na mama anakuja na upindo wa kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, anautia mate, ananifuta mimi, anamfuta mdogo wangu, kisha anajifuta yeye. Kwetu mama ni huyo. Mtoto wa kupewa kitambaa chake peke yake ni mgeni, ao ana ugonjwa wa kuogopwa.

Zakaria, muganga wa disipanseri, alikuwa amekimbia pamoja nasi, na tyubu moja ya pomade mfukoni. Alitupaka wote mpaka ikaisha. Macho yakapoa, kisha yakarudia vilevile. Hapo akaanza kutupindua kope kwa kidole gumba, sawa mtu anamenya punje ya haragi, akitafuta vipele. Akasema kikwembe na inzi vinahamisha ugonjwa jicho kwa jicho, ndivyo vinatupofusha.

"Weye muganga, uko na bazimu?" mama akamwambia. "Nigawie batoto bangu vitambaa sawa bageni?"

"Maman, minye sikukatazi kubapenda. Tujaribu tu."

Maman Sifa, wa kibanda cha pili, akakubali. Muganga akachana shati lake mwenyewe: kila mtoto wa Sifa kipande chake, na funda la maji la kunawa uso. Kila asubuhi alipita kupindua kope, zao na zetu. Mama naye alichungulia kwa wizi.

"Dada, ona bangu, macho safi!" Maman Sifa alimcheka. "Kwa benu inzi banafanya ndoa!"

Kesho yake mama akapasua kile kikwembe, cha arusi yake, akanitupia kipande. "Hiki chako. Na uso wangu usiuguse tena."

Nililia mchana kutwa. Nilijua nimefukuzwa, na pa kwenda hakuna: chini askari, juu waasi.

Macho yangu yalipona. Hata leo natunga uzi kwenye sindano mwenyewe, waulize wakwe zangu! Ya mama yalikuwa yamechelewa. Kope zilishageukia ndani, zinakwaruza mboni. Tuliposhuka, ziwa aliliona kama moshi.

Nilielewa nilipozaa. Mtu anayejua giza linamjia angetaka kushika nyuso za watoto wake kila saa. Mama alijua. Alikaa kando yetu mule kibandani, amekalia mikono yake isije ikatuambukiza.