Flash Ndogo Yenye Carine Alinichagulia

Watu watatu walisimama mbele ya kamera yangu. Nikapiga foto. Nikaangalia ku ekra, kioo cha nyuma ya kamera: hakuna mutu. Vitambaa vitatu vyeupe tu, kama mashuka yenye kuanikwa ku kamba.

Nikapiga tena. Hakuna mutu.

Na nyuma yangu salle nzima, ukumbi wenye kujaa watu, ilikuwa inangoja, na kaka yangu alikuwa amenikazia macho.

Acheni nianze mwanzo, sababu nikianzia kwa hasira nitaharibu stori.

Naitwa Thierry, niko mupiga foto hapa Bukavu. Ubatizo, komunyo, diplome, kilio, zote napiga. Lakini nilikuwa mutu wa jua. Flash, ile taa ya kamera, sikuwahi kuwa nayo. Ndani kukiwa giza, nawaambia watu tutoke inje, tunatoka, kazi inaisha.

Yaya wangu, kaka yangu mukubwa Donatien, anauzisha zahabu. Anaishi Shabunda zaidi kuliko anavyoishi kwetu. Familia ilimutafutia muchumba akiwa kule: Nsimire, mutoto wa kwanza wa Papa Gaston wa Bagira. Walionana mara chache. Mengine yote yalipita mu simu.

Sasa mumujue Papa Gaston. Mwalimu wa zamani, mutu wa kusema kitu na kukishika hata kama kinamuunguza mikono.

Ku dot, siku ya kutoa mahari, bibi harusi haletwi wazi. Wanafunika wasichana watatu toka kichwa mpaka miguu, na kijana anachagua wake. Akikosea, watu wanacheka, anatoa faini kidogo, anajaribu tena. Ni muchezo wa kufurahisha wageni.

Papa Gaston akaufuta ule muchezo. Alitangaza mbele ya familia zote mbili kwamba itakuwa mara moja tu. Mwenye utamufunua njo wako, na kama haumujui mutoto wangu, shauri yako.

Yaya akanipigia simu toka Shabunda, sauti iko chini. Aliogopa hatamutambua Nsimire ndani ya nguo. Mupiga foto njo mutu pekee mwenye kuruhusiwa kuwakaribia wale wasichana, na yeye alisikia kuna flash zenye kupitisha mwanga mu kitambaa mpaka sura inaonekana ku ekra. Nitafute moja. Nikimuona Nsimire, nisimame mbele yake niguse sikio.

Nilikubali bila kuwaza. Nilikuwa na sababu yangu, na ile sababu jina lake ni Carine.

Carine ni mudogo wa Nsimire. Tulikuwa tunapendana kimya kimya. Kwetu mukubwa njo anatangulia kuolewa, mudogo anangoja, basi nilikuwa nangoja. Dot ya yaya ikipita vizuri, ningetuma wazee wangu kumuomba Carine. Ikikufa, yangu nayo imekufa, maana Papa Gaston hangemuangalia tena mutu wa kwetu.

Njo maana nilienda na Carine kununua ile flash. Tena yeye alishafanya kazi mu studio ya foto kule Kadutu. Mambo ya flash aliyajua kunipita.

Stanislas, muuza duka wa Nyawera, alitutolea mbili. Ya kwanza ilikuwa nene, nzito, na kichwa chake kinazunguka. Unakigeuza ku ukuta wa nyuma, mwanga unagonga kule, unarudia kwa mugongo wa mutu. Ya pili ilikuwa ndogo, inaingia mu mufuko wa shati, mapile mbili tu za kuipa moto, nyepesi mpaka unasahau iko juu ya kamera. Lakini kichwa chake hakigeuki. Kinaangalia mbele basi.

Nilimuambia Stanislas kwamba kuna kitambaa nataka kuona ndani yake. Alisema kwa kazi hiyo angechukua ile kubwa.

Carine hakumuacha amalize.

"Thierry, baba yangu akiona hilo jitu linageuka-geuka, ataelewa palepale. Kamata hii ndogo. Hakuna mwenye atakuwazia kitu."

Akaiweka juu ya kamera yeye mwenyewe. Kisha akanitengenezea kola ya shati. Mon vieux, mwanamuke akikutengenezea kola mbele ya muuza duka, unaweza kununua hata jiwe.

Niliijaribu, ndiyo. Nilipiga sura ya Stanislas, ikatoka safi, nikasema inatosha. Mupumbavu mimi. Kitambaa kilikuwa kinaninginia pale dukani, pembeni ya bega langu, na sikukigusa.

Njiani Carine aliniongezea kitu. Flash ikinikatalia, niangalie miguu: Nsimire atavaa shanga nyekundu ku kifundo cha mguu. Alinishika mukono, akaniambia anafanya hivyo kwa ajili yetu sisi wawili. Nilifika nyumbani nikiimba.

Siku ya dot mvua ilipiga Bukavu toka asubuhi. Tulikuwa mu salle ya paroisse, pale kanisani, courant imekatika, hakuna umeme, giza kama jioni. Wageni wananungunika, mimi moyoni nacheka, sababu sasa nina flash.

Wakaingizwa wale watatu. Nikasogea. Nikapiga.

Na njo pale niliona vitambaa bila watu. Mwanga wa mbele unagonga nguo nyeupe, unakurudia usoni. Kwa kuona ndani, mwanga ulipaswa kutokea nyuma yao, ku ukuta, vile ile kubwa ingefanya. Nilielewa yote nikiwa nimesimama pale.

Yaya ananiangalia. Papa Gaston ananiangalia.

Nikashusha kamera, nikaangalia miguu. Wa kushoto hakuna. Wa katikati hakuna. Wa kuume, shanga nyekundu.

Nikasimama mbele yake. Nikagusa sikio.

Donatien akatembea polepole, akashika kitambaa, akafunua.

Ilikuwa Carine.

Watu wakacheka kwanza. Kisha wakakumbuka neno la Papa Gaston, na kicheko kikakauka. Yule wa kushoto akajitoa nguo mwenyewe. Nsimire. Alikuwa amepakwa poda, amesukwa, amependeza sana.

"Papa, ni mimi," alisema.

Baba yake akawaita wazee. Wakaenda wote kujifungia mu chumba cha nyuma. Nilimutafuta Carine kwa macho, nione kama anaogopa kama mimi. Alikuwa anajipanga nywele.

Papa Gaston akarudi.

"Nilisema mara moja. Sitarudisha neno langu sababu limenipiga mimi mwenyewe. Carine njo wake." Kisha akamuuliza Donatien namna gani alikosea.

Yaya wangu, mutoto wa mama yangu, akaninyooshea kidole. "Ni mudogo yangu alinionyesha. Muulizeni yeye."

Nilifungua mudomo niseme ni Carine. Ningesema nini? Kwamba nilikuja kuiba macho mu dot ya watu? Kwamba nilikuwa napenda binti yao kwa kujificha? Nikaufunga.

Nsimire alikuja mpaka mbele yangu, akanitemea mate usoni. Tonton Gérard, mujomba wa upande wetu kabisa, alisema kwa sauti kwamba mimi nina wivu wa kichawi. Hakuna mwenye alinitetea.

Halafu wakanitaka nipige foto za maharusi. Mimi.

Nilivyowakaribia, Donatien aliinama kwa sikio langu.

"Petit, usichukie. Mimi na Carine ni toka mwaka jana. Mudogo hawezi kutangulia mukubwa, Papa Gaston hangekubali kamwe. Ilibidi mutu akosee. Na mutu huyo hakupaswa kuwa mimi."

Nilimuangalia Carine. Nilikuwa bado nangoja aseme ni uongo, naapa.

Alikaa sawa, akaweka mukono wake juu ya goti la yaya.

"Shemeji, piga," alisema. "Watu wana njaa."

Nikapiga.

Nsimire hakubaki Bagira. Alienda Luberizi kwa shangazi yake, kule kwenye mupunga, na nasikia hataki mutu amutajie harusi. Nilimuandikia kumueleza. Alinifungia namba.

Basi, ndugu zangu, flash ndogo na nyepesi si mbaya, munaweza kununua. Kwa sura ya karibu inafaa sana. Lakini ijaribu kwa kazi yenyewe yenye unataka ifanye, pale dukani, mbele ya muuzaji. Na usiende na mutu mwenye unamupenda. Muuza duka anataka kuuza tu, na wangu aliniambia ukweli bure, nikaacha akatishwe kwa ajili ya kola ya shati.

Mwezi jana yaya na Carine walizaa mutoto wa kike. Yaya alinipigia nije kumupiga foto, nikaenda, na walipomuweka mbele yangu nikakuta wamemupa jina la Nsimire.