Kidole cha Bokilo

Naikumbuka siku niliyoanguka na pikipiki nikitoka Komanda, mwanangu, na bado hunichekesha. Mama yako alikuwa na mimba ya kwanza, imemlemea, kwa hiyo aliyenisindikiza urgence, chumba cha dharura cha hospitali hapa Bunia, alikuwa mama yake, bokilo wangu. Unajua kwetu mama mkwe anavyoheshimiwa. Hata kukaa naye benchi moja sikuthubutu!

Muuguzi alinisafisha kidonda cha mguu, kisha akaniambia polepole, lakini pazia halizuii sauti:

"Baba, hapa ku urgence tunauliza batu bote kama banapenda kupimwa virusi vya sida. Ni kuchoma kidole tu, majibu inatoka sasa hivi. Ukikatala, kiguu tutashona tu."

Nikakataa kupimwa ukimwi. Bokilo alikuwa nyuma ya pazia, na kukubali niliona ni kama kumtangazia kwamba nimetembea ovyo. Ujinga wa kijana!

Pazia likafunguka.

"Mama muganga, anza na miye," akasema bokilo, kidole kiko juu tayari. "Binti yangu iko na mimba. Mutoto hawezi kungojea haya ya baba yake."

Nikatoa changu. Tulipimwa kila mmoja peke yake. Kipimo changu kilionyesha virusi, na kipimo cha pili kikathibitisha. Nililia, sikufichi. Kesho yake mama yako naye akapimwa, hana. Nikaanza dawa, naye akaendelea kupimwa mpaka akajifungua dada yako, mzima kabisa, huyo huyo anayekusumbua kila siku.

Niliporudi kuchukua dawa nyingine, nikamkuta bokilo kwenye benchi la kungojea dawa, kadi kama yangu mkononi. Nikasimama mlangoni. Alisogea, akapigapiga mahali kando yake. Nikakaa.

Tulikwenda pamoja kuchukua dawa zetu miaka mingi, akinigombeza nikichelewa, hadi uzee ulipomchukua. Aliniachia ruhusa niwasimulie.

Basi, mwanangu, ukienda hospitali, hata kwa malaria tu, wakikuuliza kama unataka kupimwa, toa kidole. Usimwonee mtu haya mpaka ukapoteza uhai wako na wa watoto wako. Dawa zipo, na ukizimeza bila kuruka utazeeka kama mimi, ulalamikie meno tu.

Mungu akulindie damu yako, akupe nyumba yenye vicheko, na siku utakayoogopa, akupe mtu wa kukusogelea kwenye benchi.