Mama Josiane na Mbuzi wa Mavuno

Umewahi kufungwa mikono na miguu kwa kamba ya katani, ukatupwa sakafuni tangu Jumamosi mchana hadi Jumapili saa nne, bila tone la maji, kisha watu wakakuimbia? Hujawahi. Basi hujawahi kuwa mbuzi wa sikukuu ya mavuno katika kigango chetu cha Kikatoliki huku Murukulazo, na una bahati.

Sisi ni watu wa dini sana. Mwaka mzima tunamsifu Mungu kwa kuumba viumbe vyote, na sikukuu ya mavuno ikifika tunavikamata viumbe hivyo, tunavifunga kama kuni na kuvirundika stoo. Kuku tunacheza nao mpaka altareni tukiwa tumewaning'iniza vichwa chini. Wakijaribu kuinua vichwa, tunasema wanafurahi. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu, likisemwa na mtu mzima.

Mama Josiane, jina lake la ubatizo Dafroza, analima maharage na mihogo, anafuga mbuzi sita, na ni kiongozi wa jumuiya yetu ndogo. Alikuja nchi hii akiwa na miaka kumi na miwili, kutoka Muyinga, ng'ambo ya mpaka, akapita kambi ya wakimbizi ya Lukole kama wengi wa rika lake, akaolewa na Mhangaza, mwenyeji wa hapa. Shule aliishia darasa la nne. Nalitaja hilo kwa sababu Jumamosi ile wenye vyeti tulikuwa wengi pale kwenye uwanja wa kanisa, mimi mwenyewe nikiwa na stashahada ya mifugo, na sote tulikuwa tumekaa kwenye benchi tukinywa soda.

Watu walikuwa wakileta sadaka za kesho. Mzee Gervasi, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya mavuno, alisimama mlangoni mwa stoo. Kila mbuzi aliyefika alifungwa miguu yote minne pamoja na kulazwa chini. Mama Josiane akafika na beberu wake, akitembea kwa kamba moja shingoni, akachungulia ndani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Josiane. Mlaze pale, vijana wamfunge."

"Huyu hafungwi miguu. Na hawa naomba wafunguliwe. Kule nyuma kwenye mikaratusi kuna kivuli, kila mmoja afungwe shingoni na mti wake. Maji nitachota mimi."

Mzee Gervasi akavua miwani. Huyo akivua miwani, ujue anajiandaa kumdharau mtu vizuri zaidi.

"Mbuzi huyu ni sadaka, mama. Sadaka hainywi maji."

Watu wakacheka. Walicheka kweli, kana kwamba wamesikia jambo la akili. Joyceline, mwimbishaji wa kwaya, akadakia: "Mletee na neti, Mama Josiane, asije akaumwa na mbu!"

"Na mto wa kulalia!" mwingine akaongeza.

"Cheka tu, Joyceline," akasema Mama Josiane. "Wewe ukikaa saa moja mguu unakufa ganzi, unaruka kama umekanyaga siafu. Huyu atakaa na ganzi mpaka kesho."

Wachache waliacha kucheka. Mzee Gervasi hakuwa mmoja wao.

"Hayo ni mambo ya Wazungu."

"Mzungu gani? Baba yangu alikimbia vita na mbuzi mmoja. Kutoka Muyinga mpaka Lukole mbuzi yule alitembea kwa miguu yake, akinywa kila tulipokunywa. Risasi zilikuwa nyuma yetu, Mwalimu, na bado hatukumfunga. Ninyi mnakimbia nini?"

Wakubwa wetu wakikosa jibu hufungua daftari. Mzee Gervasi akafungua lake, akalikata jina la Mama Josiane kwenye maandamano ya vipaji, yale ya kupeleka sadaka altareni, kisha akatangaza kwamba uongozi wake wa jumuiya nao utajadiliwa. Kwetu hilo si jambo dogo. Jumuiya ndiyo inayokuuguza, na ndiyo inayokuzika.

"Kata," akasema Mama Josiane. "Ila maji wapewe."

Hawakupewa. Stoo ikapigwa kufuli, ufunguo ukaondoka mfukoni mwa mwenyekiti, na mwanamke yule akarudi nyumbani na beberu wake. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Niliisoma chuoni, nikaifanyia mtihani, nikafaulu. Siku ile nilimaliza soda yangu.

Kesho yake asubuhi katekista ndiye aliyeongoza ibada. Ulipofika wakati wa vipaji ngoma zikaanza, Mzee Gervasi akatangulia, na vijana wakawabeba mbuzi wawili wawili, ndimi zikiwa nje, wakawalaza mbele ya altare. Mama Josiane alikuwa benchi la mwisho. Akasimama. Nilidhani anatoka nje. Badala yake akapita katikati ya kanisa mpaka mbele, akapiga magoti, akafungua pindo la kitenge, akatoa wembe na kuanza kukata kamba.

Sauti ya Joyceline ndiyo iliyokatika kwanza, kisha kwaya, kisha ngoma.

"Mama!" Mzee Gervasi akanong'ona kwa ukali. "Mbele ya altare?"

"Ndiyo, mbele ya altare," akajibu bila kugeuka.

Mbuzi wa kwanza hakuweza kuinuka. Mama Josiane akamkanda miguu kwa viganja, kama mtu anayemkanda mtoto mchanga. Wa pili alijaribu, akaanguka. Wa tatu akasimama kwa miguu mitatu, akapepesuka hadi kwenye ndoo ya maua iliyokuwa chini ya sanamu ya Mama Maria, akapenyeza mdomo kati ya mashina na kunywa. Kanisa zima lilimsikia akimeza.

Hakuna aliyemfukuza. Joyceline akashuka kutoka kwenye mstari wa kwaya, akachomoa maua ya ndoo ya pili, akayalaza sakafuni, akawasogezea maji wale waliokuwa bado wamelala.