Mgrevilea wa Nyuma ya Jiko

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mti hata mmoja. Nilikuwa nimefika mapema katika yadi ya kazi za umma mjini Kakamega, panga langu nimelinoa hadi linang'aa, nikitarajia kupanda juu ya chochote chenye matawi. Nyapara wa kikosi cha miti, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, alilichukua lile panga na kulitupa ndani ya lori.

"Hapa mtu mgeni anatazamanga kwanza," akasema. "Leo utatazama. Kesho pia utatazama."

Alinizungusha kwenye nyumba za serikali akiwa na rungu la mti mgumu. Kila tulipofika kwenye shina aliligonga usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno, sikio lake likiwa karibu. Shina zima hutoa sauti kavu na fupi. Shina lililooza ndani hutoa sauti nene, kama ya debe lenye maji nusu. "Hii iko mzima," aliniambia. "Sasa sikia ile ingine." Nikasikia. Hadi saa ya chakula masikio yalikuwa yamenichosha kuliko mikono.

Vijana wanaosoma haya huenda wasijue kwamba kazi hiyo ilikuwa na msimu wake. Kwetu hakuna zile tufani za baharini zinazopewa majina ya watu redioni. Tufani yetu haina jina. Hutoka upande wa milima ya Nandi, alasiri, baada ya asubuhi ya joto jingi. Kwanza majani hutulia kabisa, halafu upepo hufika kwa mkupuo mmoja, na nyuma yake mvua ya mawe na radi. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa Januari na Februari, kabla ya mvua za Machi. Tulipima miti iliyo karibu na nyumba, tukapunguza iliyopunguzika na kuangusha iliyokataa kupunguzika. Mengine yalikuwa madogo: kuzibua mitaro, kuegemeza migomba kwa nguzo, na kumsihi mwenye nyumba aondoe mawe aliyoyaweka juu ya mabati. Watu hudhani mawe hushikilia paa. Upepo ukilichukua bati, jiwe nalo huja.

Nayaandika haya mwaka huu kwa sababu mti wa mwisho niliopaswa kuupima ulikuwa wangu. Ulisimama nyuma ya jiko letu, upande wa mashariki, mahali hasa upepo unapotokea. Nasema wangu, lakini mwenyewe ni mke wangu, na katika kijiji chetu jambo hilo si dogo. Nitalifikia.

Jambo la pili nililofundishwa ni tofauti kati ya kupunguza na kunyoa. Mti haushindwi na upepo kwa sababu ni mrefu, hushindwa kwa sababu kichwa chake ni kizito na hakipitishi hewa. Kupunguza ni kutoa matawi hapa na pale, hasa yaliyokauka na yanayosuguana, ili upepo upate njia. Kunyoa ni kukata kichwa chote. Wenye nyumba walipenda sana kunyoa, maana mti ulionyolewa huonekana umetiishwa. Lakini machipukizi yanayofuata hushikwa na ganda tu, hayana mizizi ndani ya shina, na yakinenepa hung'oka kwa upepo wa kawaida.

Tatu, na hili Nyapara alilisisitiza kuliko yote, ni namna ya kutoa habari. "Ukishajua mti ni mbaya, mwambie mwenyewe mara moja, halafu nyamaza," alisema. "Ukieleza sana atasema unatafuta kuni." Nililishika hilo hadi mwisho. Nilikuwa nikisema, "Huu usiingie nao Machi," kisha nakusanya kamba zangu. Wengine walikasirika, na mama mmoja alilia. Mimi nilikwenda kwenye mti unaofuata.

Baadaye nilihamishwa Lugari. Huko familia nyingi zinalima mahindi kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, na Wazungu hao waliacha mikanda ya kuzuia upepo, yaani safu kadhaa za misanduku, miti mirefu ya nguzo, zilizopandwa zikishikana. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Msimamizi, mrefu, mwenye haya, asiyependa kuketi. Kosa la Lugari lilikuwa moja. Mtu akitaka nguzo za kuuza, aliuza safu ya nje kwa kuwa iko karibu na barabara na lori linaifikia. Sasa miti ya safu ya ndani imekulia kwenye kivuli cha ndugu zake na haijawahi kuonja upepo. Mizizi yake ni ya juujuu. Ukiondoa walio mbele, hao wa nyuma hulala kwa dhoruba ya kwanza, na nyumba ndiyo iko nyuma yao.

"Lakini nimeacha miti mingi," mzee mmoja alimlalamikia Bwana Msimamizi, tukiwa tumesimama kwenye kilichobaki cha sebule yake.

"Umeacha ile haijui kusimama," Bwana Msimamizi alimjibu, akiangalia viatu vyake.

Nikiwa huko Lugari ndipo mke wangu, Rispa, alipopanda ule mgrevilea. Kwetu, mwanamke hapandi mti. Anaweza kupanda mahindi, maharagwe, mrenda, chochote cha kuliwa na kwisha. Mti ni wa mwanamume, kwa kuwa mti ni alama ya mwenye ardhi. Mwanamke akipanda, watu husema anajitayarisha kuwa mjane. Mimi sikuwepo, jiko halikuwa na kivuli, na Rispa alipewa mche na mtu wa kanisani. Akachimba shimo mchana, watu wakimwona.

Niliporudi likizo nilimkuta jirani yetu, Mzee Amukowa, akinisubiri njiani kana kwamba nimefiwa.

"Mulembe, Baba Beti. Umeona mama amekufanyia nini?"

"Nimeona mti."

"Hiyo si mti. Hiyo ni wewe. Omba isianguke, maana siku itaanguka na wewe utafuata."

Kama mtu wa kazi, niliona mara moja kwamba mche ule ulikuwa karibu mno na ukuta. Ungekuwa wa mtu mwingine ningesema uhamishwe. Lakini nikiung'oa, kijiji kizima kingesema nimeogopa kufa, na Rispa angebaki na aibu hiyo peke yake mimi nikirudi kazini. Niliuacha, na hata leo ningeuacha. Rispa mwenyewe alicheka. Wageni walipokuja alikuwa akiwaonyesha mti kisha ananionyesha mimi: "Huyu ndiye alipaswa kufa. Mwoneni anavyokula obusuma." Mti ukakua, nami nikaendelea kula ugali huo.

Kituo changu kirefu zaidi kilikuwa upande wa Mumias, kati ya Ekero na Shianda, kwenye nchi ya miwa. Hapo nilifanya kazi chini ya Afisa wa Mazingira, mama mkali wa maneno machache. Siku moja tuliitwa Shianda na mfanyabiashara mmoja, Hajji, ambaye mti wake mkubwa ulikuwa umeanza kuinama kuelekea dukani. Baada ya salamu za amani na kujuliana hali kwa urefu, Afisa aliomba jembe. Shina lilikuwa limezungushiwa udongo hadi karibu na magoti.

"Nani aliweka huu udongo?"

"Mimi mwenyewe," Hajji akasema kwa fahari. "Kila mwaka naongezanga. Nimeupandishia kama mahindi, ili ushike."

Afisa alifukua. Pale shina linapokutana na mizizi tunapaita shingo, na shingo ya mti inatakiwa kuwa nje, ipate hewa. Hindi likipandishiwa udongo hutoa mizizi mipya na kusimama imara. Ganda la mti likifunikwa hubaki na unyevu, likaoza polepole, na kuoza huko huingia ndani hadi mti ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Shingo ya mti wa Hajji ilikuwa laini. Afisa aliingiza kidole.

"Hajji, ni wewe umeua huu mti," akamwambia, bila ukali. Kisha akanyamaza, kama alivyonifundisha Nyapara. Hajji alishika kofia yake kwa mikono miwili na kuutazama mti. Tuliuangusha wiki hiyo, na nakumbuka nilipanda gari nikiwaza chakula.

Nilistaafu mwaka jana. Nilipewa blanketi, hotuba, na keki ambayo madereva waliimaliza. Daktari wa Kakamega akaniambia nina presha na nisipande ngazi tena. Nikakaa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu, na Januari ilipofika mwili ulitaka kazi. Nikachukua rungu, nikazunguka boma. Lusiola, miti yetu ya mpakani, zilikuwa nzima, na mparachichi wa langoni ulihitaji kupunguzwa kidogo tu. Nikafika nyuma ya jiko, nikagonga mgrevilea usawa wa goti.

Debe.

Shina lilikuwa limezungukwa na tuta la mrenda lililozungushiwa mawe. Miaka yote nilipokuja nyumbani mwisho wa mwezi niliona mrenda, nikaula, nikaondoka. Sasa niliusogeza kando na kuanza kufukua kwa mkono. Udongo ulikuwa wa tabaka, mwekundu, kisha majivu ya jikoni, kisha mwekundu tena, tabaka la kila mwaka juu ya lingine. Hakuna anayelundika hivyo kwa ajili ya mboga. Nilipofika kwenye shingo, kidole changu kiliingia.

Rispa alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Unafukua nini?"

Nikamwambia kwa maneno ya kazi. "Huu usiingie nao Machi."

Aliweka sufuria chini. "Baba Beti, mwaka huu uache. Wewe na hiyo presha yako. Tukate mwaka ujao."

"Mama Beti, wewe ndiye ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka mbele ya watu," akasema. "Kila Februari, kabla ya upepo, nilikuwa naongeza udongo ushike. Ukiwa Lugari, ukiwa Mumias. Sikukwambia kwa sababu ungenicheka na wewe."

Nilikaa juu ya lile tuta. Katika kazi yangu yote niliwaambia watu habari mbaya za miti yao na sikuwahi kukosa usingizi. Pale moyo uliniuma waziwazi. Mwanamke huyu aliyewakabili wanakijiji wote kwa kicheko alikuwa ameogopa kimya kimya tangu ujana wake, na kila mwaka alikuwa akiniwekea udongo miguuni nisianguke.

Ilichukua siku kadhaa akubali. Lililomkubalisha ni jiko, maana mjukuu wetu hulala mle mchana, na Rispa hakuweza kulibishia hilo. Niliwaita wenzangu wawili wa zamani na pawa yao, yaani msumeno wa petroli. Mimi nilibaki chini nikielekeza. Mti ulio karibu na nyumba hauangushwi mzima. Hushushwa vipande kwa kamba kutoka juu, na likibaki shina ndipo hukatwa mdomo, yaani pengo, upande unaotaka lilale, kisha mkato wa nyuma, ukiacha ukanda mwembamba wa mbao katikati unaofanya kazi ya bawaba. Mzee Amukowa, ambaye sasa anatembelea mkongojo, alikuja na kiti chake. Shina lilipolala aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Bado uko?" akauliza.

"Bado."

"Haya. Tutaona mpaka jioni." Akakubali chai.

Wenzangu walipozima pawa, Rispa alisogea kwenye kisiki. Katikati palikuwa na shimo jeusi ambamo paka angeenea. Akaligusa ukingoni, akaniuliza kile ambacho kila mwenye mti huuliza.

"Ni nini kiliuozesha?"

Nyapara wangu angejibu mara moja. Afisa wa Mazingira alijibu mara moja, nikiwa pale, na Hajji akashika kofia yake. Wenzangu wawili walikuwa wanalitazama lile tuta, kisha wananitazama mimi.

"Umri," nikasema. "Mgrevilea hauishi sana."

Walianza kukunja kamba. Rispa aliitikia kwa kichwa, akaenda kuwapakulia chakula.

Machi tufani ilikuja alasiri, kutoka Nandi, na mvua ya mawe iliyochana migomba yote. Ilipopita jiko lilikuwa limesimama, nami nilikuwa ndani yake nakunywa uji. Wanaoniuliza kama naikumbuka kazi, nawaambia naikumbuka, na kwamba nilifunzwa na watu waliojua kusema ukweli kwa maneno machache. Nawashauri vijana wawaige. Mimi mwenyewe niliwaiga kila mahali isipokuwa nyumbani.

Asubuhi ya pili baada ya dhoruba nilitoka nje nikamkuta Rispa langoni, amepiga magoti chini ya mparachichi. Nao ulikuwa na udongo wake, ambao sikuwa nimeuona chini ya majani makavu. Alikuwa akiuondoa kwa mikono, taratibu, akizunguka shina, hadi shingo ikatokea yote na mizizi ya kwanza ikaonekana inapoanza kutawanyika. Hakugeuka kunitazama.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo," nikasema, nikapiga magoti upande wa pili.