Vidonge vya Damu Kisiwani

Mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili, na kila alipovuka ziwa kutoka kisiwa chetu cha Chisenga kwenda kliniki Nchelenge alirudi na vidonge vyekundu vya madini ya chuma, vya kuongeza damu. Hakuvimeza. Vilimchafua tumbo, na nesi hakuambiwa. Mimi ndiye niliyemkataza asivitupe. Kisiwani dawa haitupwi. Kesho mwanamke mwingine atakuja na kizunguzungu, naye apewe. Nikavimimina kwenye kopo tupu la biskuti, nikaliweka juu ya gunia la chisense, samaki wetu wadogo wa kukausha. Nilijiona mwerevu.

Mwanawe wa miaka mitatu alilijua vizuri kopo la biskuti. Asubuhi moja tulimkuta midomo imekuwa myekundu na kopo limepungua, wala hakuna aliyejua lilikuwa na vingapi. Akatapika, akatapika tena, mara hii na damu. Tukamnywesha mafuta ya mawese, kama mama zetu kule Kongo walivyofanya kwa kila sumu. Kisha tukakimbia naye ufukoni, kwenye boti ya wachuuzi wa samaki. Huondoka mara moja tu kwa siku, ikishajaa.

Tulingoja hadi alasiri. Kutapika kukakoma. Mtoto akaomba kushuka mgongoni, akaanza kufukuza bata.

“Yaya, mutoto iko muzima,” mdogo wangu aliniambia mimi dada yake mkubwa, analia na kucheka.

“Munapanda ao hamupande?” mwenye boti akauliza. “Samaki inaoza.”

Ni mimi niliyejibu, mimi na mdomo wangu. “Mwende tu. Mungu ametusaidia.”

Tukapiga vigelegele wakati boti inaondoka.

Kulipokucha mtoto alikuwa amelegea, mikono baridi, anahema haraka. Nilitembea ufuko mzima nikiita. Mitumbwi yote ilikuwa mbali kwenye nyavu. Niliwapungia wavuvi kitenge, nao wakanipungia mkono. Sijawahi kulichukia ziwa kama siku ile.

Mtumbwi wa kwanza kurudi ndio uliotuvusha, tukafika kliniki mchana. Nesi aliuliza alianza lini. Jana, nikasema, ila alipona.

“Hakupona,” alisema polepole. “Hivi vidonge hutulia kidogo, halafu vinarudi. Mungekuja naye palepale, hata akicheza.” Mafuta nayo hayakuwa dawa.

Mtoto alifariki kabla gari la kumpeleka hospitali halijafika.

Mwezi uliofuata damu ya mdogo wangu ilikuwa chini mno. Nesi akampa vidonge vilevile: ameze kimoja kwa siku, baada ya kula, na akivishindwa aseme. Vikae mbali na watoto. Mdogo wangu alinikabidhi pakiti njiani.

“Yaya, ufiche wewe. Miye sipende kuviona.”

Nyumbani nikapanda juu ya gunia la chisense, nikavifunga kwa kamba kwenye boriti ya paa, mahali mtoto hawezi kufika. Nilikaza fundo mara mbili. Mdogo wangu alikuwa ananitazama tu. Ndani ya nyumba hamkuwa na mtoto.