Mkono Begani mwa Babu

Shangazi yangu hupiga picha za pasipoti, na kazini hana mchezo: kidevu juu, meno ndani, usipepese macho. Lakini Babu alipofariki, nyumba nzima haikuwa na picha yake ya peke yake. Ikabidi akatwe kwa mkasi kutoka kwenye picha ya harusi ya jirani, na mkono wa bwana harusi ukabaki begani mwake. Mpaka leo uko pale, ukutani sebuleni.

"Kwa Mama hilo halitatokea," Shangazi aliapa. Naye akisema amesema.

Jumamosi akaja na kamera. Akatundika shuka jeupe nyuma ya kiti cha Bibi kama afanyavyo studio. Bibi akakaa kama mtu aliyekamatwa.

"Unanitafutia ya kuweka juu ya jeneza?"

"Ya kuweka ukutani, Mama. Kidevu juu."

"Na wewe chako utakiinua lini? Umepiga picha mji mzima, yako hata moja sijaiona."

Mimi nikacheka, Shangazi akanikata jicho.

"Bila wewe sipigwi," Bibi akamwambia. Hapo nikajua ule ubishi wa Shangazi ulitoka wapi.

Shangazi akaling'oa shuka, akaitega kamera ipige yenyewe, akakimbilia kukaa ubavuni mwa mama yake. Bibi akamshika bega kwa nguvu zake zote.

"Haya," akasema, "sasa waje na mkasi wao."