Mdomo Mweusi Dirishani kwa Icilda

Macho ya Icilda yaliliwa na cherehani. Miaka arobaini aliwashonea wanawake wa huku kwetu Portland, mashariki mwa kisiwa, nguo za kanisani, mpaka akapata mtoto wa jicho, kulia na kushoto, ikawa kila asubuhi navuka ua kwenda kumtungia uzi.

"Wewe ndiye jicho langu, Perlina," husema.

"Basi jicho lako halijanywa chai," namjibu.

Mumewe, Vernal, alitoka ng'ambo ya mto, upande wa magharibi. Huko ndege daktari, yule mvumaji mdogo mwenye manyoya mawili marefu mkiani, ana mdomo mwekundu. Wetu wa huku ana mdomo mweusi. Mengine yote sawasawa, kijani kilekile, mkia uleule. Vernal alikuwa hatuachi tupumue. "Ndege wenu wamelamba masizi ya sufuria," atasema. Icilda anajibu bila kuinua kichwa, "Na wenu wameiba rangi ya mdomo ya mke wa mchungaji."

Mwaka juzi Vernal alivuka kwenda kwao kuchukua miche ya mishelisheli. Mvua ikashuka milimani, mto ukafurika. Miche tuliikuta imekwama kwenye mianzi, ila Vernal hakuonekana, wala kofia yake.

Kwetu mtu akifa tunamwimbia siku ya tisa, kisha tunageuza kitanda chake, ili roho ikirudi isijue pa kulala, iende zake. Icilda alikataa katakata. "Nimgeuzie kitanda mtu aliye hai?" Kila jioni alipakua sahani mbili. Yake haigusi, ya Vernal anampa mbuzi. Alikonda mpaka akawa anayapunguza magauni yake mwenyewe. Nilimwonea uchungu, na nasema kweli, nilichoka naye pia.

Juni iliyopita ndege daktari akaanza kuja kwenye maua ya haibiskasi ya dirishani kwake, anasimama hewani, anatazama ndani. Wazee wetu husema ndege huyo hubeba roho. Icilda alisikia mvumo wa mabawa, akanishika mkono kwa vidole vya baridi.

"Nitazamie mdomo. Ukiwa mweusi, ni wa hapahapa, nami naendelea kungoja. Ukiwa mwekundu, huyo ni Vernal. Basi amekufa."

Ndege alikuwa karibu hata nikahisi upepo wake usoni. Mdomo ulikuwa mweusi tii.

"Mwekundu," nikasema.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akasema, "Haya. Waite watu waimbe."

Tuliimba. Baadaye yeye akashika kitanda kichwani, mimi miguuni, tukakigeuza.

Tangu hapo Icilda anakula, analala, amenenepa. "Jicho langu halikosei," anawaambia wateja. Mimi ndiye nisiyelala. Kama Vernal yu hai mahali, nimemfungia mlango wake. Kama amekufa, ndege yule hakutumwa naye, na sijui roho yake sasa inamtafuta nani.

Yule ndege hajarudi kwa Icilda. Anakuja kwangu, kila asubuhi, na mdomo wake mweusi, anatazama ndani. Mimi sina haibiskasi. Sina ua la aina yoyote pale dirishani.

Jumatatu nilimwita Icilda anisaidie kugeuza kitanda changu.

"Nani kafa, Perlina?" akauliza.

Nikamwambia ashike miguuni.